Sina pa Kumweka Salma

Jumatatu, 12 Januari

Zamu ya asubuhi, kitongoji cha Missouri City. Nimemwogesha bibi ninayemtunza, nimempa dawa, nimembadilishia mashuka. Saa nne Salma akapiga. Mumewe, Hafidh, amempiga tena. Safari hii mbele ya Yusra, mtoto wao wa miaka mitatu. Akaniomba nisimwambie mtu. Nami nikamjibu yale yale ya siku zote: vumilia, mwanangu. Tukaagana, nikaendelea kukunja mashuka.

Najichukia.

Jumatano, 14 Januari

Kijijini kwao huko Alaska hakuna barabara. Ni ndege ndogo tu, hali ya hewa ikikubali. Nyumba ni ya kiwanda cha samaki. Wamepewa kwa sababu Hafidh ni fundi wa jenereta. Salma akimwacha mume, kaacha na nyumba. Ya kupanga hakuna. Walimu wenyewe wanalala shuleni.

Na huku je? Kodi ilipopanda niliacha chumba changu nikahamia sebuleni kwa Bi Rukia, hapa mtaa wa Gulfton. Kochi na pazia. Leo nimemwuliza kama binti yangu na mjukuu wanaweza kuja, angalau miezi miwili.

"Shoga, hata wewe humo kwenye lease, mkataba wa nyumba. Manager akimwona mtoto atatu-evict sote, tulale nje."

Hakusema kwa ubaya. Akanimiminia chai.

Ijumaa, 16 Januari

Nimempigia Mzee Khamis, Dallas. Ni ami yake Hafidh, na ndiye aliyekuja kuposa. Kwetu ndoa ikiharibika unarudi kwa walioileta. Nimemweleza yote, siku kwa siku. Alisikiliza vizuri. "Niachie mimi, dada. Nitamkanya."

Nimekula nikashiba, mara ya kwanza wiki hii.

Jumapili, 18 Januari

Simu ya Salma haipatikani tangu jana. Labda mtandao.

Jumatatu, 19 Januari

Amepiga kwa simu ya zahanati. Mzee Khamis alimkanya Hafidh kweli, Ijumaa ile ile. Akamtajia kila kitu, na kwamba kimetoka kwangu. Hafidh akavunja simu ya Salma. Kisha akamvunja mkono.

Salma hakulia. Afadhali angelia. "Mama, nilikuwa na ndege ya kuondoka kesho. Nesi alishapanga kila kitu kimya kimya. Sasa Hafidh anajua nasema. Ananichunga mpaka mlangoni. Kwa nini lakini?"

Akasema anaitwa, akakata.

Jumatano, 21 Januari

Sikwenda kazini. Siku mbili najiambia nilifuata desturi. Uongo. Nilimpigia Mzee Khamis kwa sababu wakipatana, Salma atabaki kule kule, nami sitahangaika kumtafutia pa kulala. Hilo ndilo lililonituma. Niliona kochi langu kabla ya kumwona mwanangu. Mama gani mimi?

Mzee Khamis amepiga kuomba radhi. Mtu mzima analia kwenye simu. Sikumlaumu.

Jumapili, 25 Januari

Hakuna habari.

Jumanne, 27 Januari

Nimepiga zahanati. Wakaniambia hawaruhusiwi kusema lolote, hata kwa mama mzazi. Nikabembeleza. Dada aliyepokea simu alikuwa mpole mno, ikaniuma zaidi. Upepo, akasema. Ndege haziruki.

Bibi ninayemtunza ameniuliza kwa nini macho mekundu. Nikasema mafua.

Jumapili, 1 Februari

Nimeswali, nikabaki juu ya msala mpaka miguu ikafa ganzi. Sijui niombe nini. Ndege iruke. Hafidh alale. Nimeomba vyote. Bi Rukia alipita kwa kunyata, akanifunika khanga mabegani.

Ijumaa, 6 Februari

Salma amepiga asubuhi. Namba imefichwa. Walitoka Jumatano, yeye na Yusra. Nesi mwenyewe aliwapeleka uwanjani Hafidh akiwa zamu. Sasa wako katika nyumba ya hifadhi ya wanawake, katika mji mkubwa. Wana kitanda. Mkono umefungwa plasta. Yusra alisema "Hi, Bibi," kisha akarudi kwenye katuni zake.

Mji gani, Salma hakutaja. Nilifungua mdomo nimwulize, nikaufunga. Akasema atapiga akiweza. Nikamwambia haya, mwanangu.

Bi Rukia aliuliza wako wapi. Nimemwambia sijui.