Mihimili Mitatu na Mtoto Mmoja

Mpendwa mdogo wangu Apolonia,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini barua hii itakukuta mzima, na mgongo wa Mama umepata nafuu sasa mvua zikiwa zimepungua huko Rombo. Mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Marekani imeniingia mifupani. Wazee ninaowahudumia kazini huniuliza kama kwetu tuna theluji. Nawajibu tunayo, lakini inakaa kule juu mlimani na haitufuati mpaka mlangoni.

Picha ya Kipaimara imefika. Mwanangu Redempta amekuwa mrefu! Gauni ulilomshonea limemkaa vizuri, naye amekuegemea begani kama mtu aliyeegemea ukuta wa kwao. Apolonia, wewe ni tumbo moja na mimi, kwa hiyo nitakuambia ukweli: sikufurahi. Niliona wivu. Niliifungia picha kabatini, nikaitoa, nikaangalia tena mkono wako ulivyomshika kiuno. Nikajiuliza ni nani aliyemsuka nywele zile, na jibu nilikuwa nalo. Najua kwetu mama mdogo ni mama, na hakuna anayeshangaa akikuita hivyo. Lakini uchungu wa kumzaa niliusikia mimi.

Siku ile kwenye simu uliniuliza, "Dada, nchi kubwa hivyo, hakuna mkubwa hata mmoja wa kusema mtoto aje, akaja?" Simu ikakatika kabla sijakujibu. Sasa nikusimulie.

Unakumbuka nilipoomba Redempta aje kuishi nami, niliitwa kwenye ofisi inayoshughulikia karatasi za wageni. Cheti cha kuzaliwa cha Redempta kilitolewa akiwa tayari anasoma, kwa hiyo walikitilia shaka. Na kwenye ripoti zake za shule, mahali pa jina la mzazi, limeandikwa jina lako. Ofisa alinisogezea ripoti, akaweka kidole juu ya jina hilo.

"Huyu ni nani?"

"Mdogo wangu."

"Shule inasema ndiye mama."

Nilitoka pale nimekasirika, na hasira haikuwa juu yake, ilikuwa juu yako. Kama vile umenichukulia jina langu ukalivaa. Ndipo nikakuomba uende kuapa, ukashuka mpaka Moshi kwa wakili, ukatuma kiapo. Nikakipeleka. Bado wakanikatalia.

Nikafanya kama ambavyo tungefanya nyumbani: nikatafuta mkubwa. Huku kila jimbo lina serikali yake, lina gavana wake, bunge lake na mahakama zake, kwa hiyo nilianza na mbunge wa bunge hilo la jimbo. Alinikaribisha vizuri, akanisikiliza, halafu akasema, "Mama, sisi kazi yetu ni barabara na shule za hapa jimboni. Mambo ya wageni ni ya serikali ya shirikisho, ile ya nchi nzima."

Haya, nikaenda kwa mbunge anayetuwakilisha kwenye bunge la nchi nzima. Yeye mwenyewe hakuwepo. Alinipokea msaidizi wake, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Nikamwambia, "Mwombe mheshimiwa awaamuru wale wa ofisini."

Akatabasamu. "Hana uwezo huo. Bunge linatunga sheria na kupitisha bajeti. Kuzitekeleza hizo sheria ni kazi ya rais na ofisi zilizo chini yake. Mbunge anaweza kuwaandikia kuuliza faili lako limefika wapi. Kuamuru, hapana."

"Basi rais mwenyewe akisema mtoto aje?"

"Rais naye amefungwa na sheria iliyotungwa na bunge."

Niliona ananizungusha tu. Mara simu yake ikalia. Alikuwa binti yake, anatafuta viatu. "Viko chini ya kitanda," akamwambia. "Angalia vizuri. Upande wa ukutani." Akaniomba radhi, akarudi kwenye mambo yangu. Mimi nilikuwa sisikii tena. Mdogo wangu, nimewahi kuwaonea watu wivu kwa nyumba na kwa magari, lakini sikujua kwamba ningemwonea mtu wivu kwa kujua viatu vya mwanawe viko wapi.

Aliandika kweli, na ofisi ikamjibu kwamba uamuzi wao umebaki palepale. Akaniita akaniambia, "Umebaki mhimili wa tatu. Nenda mahakamani." Parokiani kwetu kuna wakili anayewasaidia wageni. Akalipitia faili lote, akaona kwamba kiapo chako kilikuwemo, ila katika barua ya kunikatalia hakikutajwa hata kwa neno moja. Akaishtaki ofisi. Mimi, mtoto wa mkulima wa kahawa, niishtaki serikali ya watu, tena kwenye mahakama yao? Wakili akaniambia jaji huteuliwa na rais na kuthibitishwa na baraza la juu la bunge, lakini akishakaa kwenye kiti, hawawezi kumfukuza eti kwa sababu hukumu yake imewaudhi.

Jaji alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani. Alikisoma kiapo chako kwa sauti, polepole, mbele ya watu wote. "Mimi Apolonia nimemlea Redempta tangu akiwa mdogo. Ananiita mama. Aliyemzaa ni dada yangu Filomena, nami nilikuwepo alipozaliwa." Kisha akamgeukia mwanasheria wa serikali.

"Ofisi ilisoma maneno haya?"

"Mheshimiwa, uamuzi wao hauyataji."

"Sikuuliza hivyo."

Yule mwanasheria akafunua karatasi zake. "Sina hakika kama yalisomwa, Mheshimiwa."

Nikasema moyoni, sasa atatamka mtoto aje. Hakutamka. Alisema, "Mimi sitoi viza. Sheria haikunipa kazi hiyo. Lakini ofisi haiwezi kuamua ikiwa imefumba macho. Warudi, wasome ushahidi wote, waamue upya."

Nikamnong'oneza wakili, "Tumeshinda?"

"Tumeshinda kusomwa," akasema.

Na sasa wamesoma. Wiki iliyopita nilipata jibu: wamekubali kwamba mimi ni mama yake. Redempta ataitwa ubalozini Dar es Salaam kwa mahojiano.

Ungedhani niliruka kwa furaha. Niliruka, ndiyo. Lakini yale maneno ya katikati ya kiapo, "ananiita mama," hayajanitoka masikioni. Halafu nikapiga simu pale dukani Tarakea kumpa habari Redempta mwenyewe. Akauliza, "Na mama anakuja pia?"

Nikamwambia, "Mama ni mimi, Redempta. Mimi niko huku tayari."

"Ndiyo, mama," akasema kwa adabu. "Nauliza mama wa hapa."

Nikamuaga, nikakata simu. Nimezunguka kwa waliotunga sheria, kwa wanaoitekeleza, na kwa anayeitafsiri, na mwishowe wote wamekubaliana kwamba ni wangu. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye. Wala wewe. Na mimi pia sikuuliza, maana niliogopa jibu. Sasa nimeamua kumuuliza. Akisema anataka kumaliza shule huko kwanza, nitakubali. Nitakuonea wivu, nitakununia hata miezi, lakini nitakubali.

Msalimie kaka Desideri, mwambie asiing'oe kahawa yote ya Baba hata kama bei ni mbaya. Msalimie mwenye duka anayetuitia watu kwenye simu, na katekista aliyemfundisha Redempta. Mama umpikie mtori siku moja, umwambie ni mimi nimeagiza.

Jumapili baada ya misa nitapiga tena pale dukani. Mpeleke Redempta, umwache aipokee simu peke yake. Nakuomba sana, wewe ukasimame nje, mbali na mlango. Najua ukiwa karibu atakuangalia usoni kwanza ndipo anijibu.

Ni mimi dada yako,
Filomena