Sindano za Rispa

Ruiru, shamba la kahawa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Mvua imeshuka huko? Sisi bado tunapumua, ingawa kifua cha mke wangu Rispa hakijatulia.

Najua unatungoja. Tangu Baba afariki huna mtu wa kushika jembe la maksai. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha, hata mizigo nilikuwa nimeanza kufunga. Sasa sikia, Mama.

Hapa shambani yuko dresa anayemchoma Rispa sindano. Lakini dawa ni ya wafanyakazi na jamaa zao tu. Siku moja alikuja mama Mkikuyu kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto, jina lake Wanjiru, amebeba mtoto wa kike aliyemwagikiwa na uji wa moto. Nyapara akamzuia mlangoni pa chumba cha dawa, nami nikiwa hapo na Rispa.

"Mume wako anafanya kazi hapa?"

"Askari wamemfunga. Nisaidie, baba."

"Basi nenda Thika, hospitali ya serikali."

"Ngai, Mungu wangu! Bila pasi ya kusafiria nitapitaje? Si watanishika njiani na huyu mtoto?"

Mtoto alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililonitisha. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Huyo ni wangu. Mwandikeni kwa jina langu."

Dresa alinitazama, akamtazama yule mama, kisha akachukua dawa na bandeji. Mtoto alipona. Ngozi ya mkono imejikunja, lakini anacheza.

Nyapara hakunisamehe. Nilipokwenda kuaga alisema, "Ukitoka hapa, sindano za mke wako zimekwisha. Ukitaka kubaki, weka sahihi ya miaka miwili. Wewe si una huruma?"

Nikamwuliza dresa kama dawa hiyo nitaipata karibu na kwetu. Akatikisa kichwa. "Na ukiikatiza katikati, ugonjwa utarudi na nguvu zaidi."

Nikaweka sahihi, Mama. Nikitoroka sasa, ni jela.

Kila mtu analipa kodi: mimi nalipa, Baba alilipa mpaka kufa kwake, hata mume wa Wanjiru alilipa kabla hajafungwa. Siku ya kodi serikali inaijua kila nyumba. Mbona siku ya homa haitujui? Kama dawa ya serikali ingekuwa ya kila mtu, huko na huku, Wanjiru asingehitaji jina langu, na mimi leo ningekuwa nyuma ya maksai wako. Hapa mgonjwa huulizwa kwanza ni mtu wa nani, kabla ya kuulizwa anaumwa wapi.

Mwombe Baba Mdogo Yakobo akulimie hata kipande cha chini tu. Msalimie dada yangu Nekesa na mumewe, na mwalimu wa kanisa anayekusomea barua hii. Asiruke mahali.

Usimlaumu Rispa. Yeye alisema, "Twende, heri nikafie kwetu." Mimi ndiye niliyekataa.

Mwanao,
Shadrak