Mama Komba Agoma Kuchagua Moja

Dada Zainabu, shikamoo. Songea kuna baridi ya kuvaa sweta mbili, na ukila ugali wa huku mchana, jioni huulizi chakula.

Nimekuja na bosi wangu, Mzee Salimu, kukusanya maoni ya wananchi kuhusu China, yapelekwe kwa wanaojadili mkataba mpya wa biashara. Jana tulifika Mshangano kwa Mama Komba, mkulima ambaye pia anauza vyombo vya plastiki sokoni. Fomu yetu inauliza: uhusiano na China uongezwe au upunguzwe?

"Vyote viwili," akasema. "Barabara waliyojenga inafikisha mahindi yangu mjini kabla mvua haijayalowesha. Lakini Mchina aliyefungua duka mbele ya meza yangu anauza beseni moja moja kwa bei ninayonunulia mimi jumla. Wajenge, ila rejareja watuachie."

"Chagua moja, mama," bosi akamwambia.

"Nikichagua moja nitakuwa nimekudanganya, na wewe utaenda kuwadanganya wakubwa."

Bosi akakumbuka kwamba majirani wa mama huyo, tuliowapitia kabla yake, nao walisema hivyohivyo, na sisi tukawawekea alama kwenye jibu moja tu. Akaniambia nigeuze fomu, niandike maneno yote nyuma. Mama Komba akataka nimsomee, akasikiliza hadi mwisho, ndipo akaweka sahihi.

Leo tumerudi kwa majirani, nyumba hadi nyumba, kuwauliza upya. Kwa hiyo nitachelewa kurudi Tanga, lakini moyo wangu mweupe. Nikumbatilie watoto, nawe upumzike.

Mdogo wako, Hadija