Koti la Buluu na Samaki Wake

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa wifi yangu,

Habari za huko, na baridi yenu hiyo inakutendeaje? Mguu umepona? Shemeji dereva na watoto hawajambo? Sisi huku wazima. Mama yako anakula, anasali, ananigombeza, kwa hiyo ujue hajambo kabisa.

Mimi nipo. Nashona, napika, nalala. Tangu tumzike kaka yako sijadondosha hata chozi, na majirani wamelisema hilo mpaka wamechoka. Wanadai nina roho ngumu. Si roho ngumu, wifi, ni ganzi tu, kama mkono ulioulalia.

Nguo zake nimezigawa kama ulivyonishauri. Viatu kachukua mlinzi, mashati yamekwenda kwa mafundi wenzake wa majokofu. Nilifunga mabunda mwenyewe, mama akinitazama usoni asione kitu.

Likabaki tangi la kioo. Unawakumbuka samaki wake wa ziwani, wale wa samawati na manjano? Ni jamaa za perege, lakini wagomvi kuliko mawifi. Usinune, nakutania. Kila mmoja ana pango lake kwenye yale mawe aliyowapangia kaka yako, na mwenzake akikatiza anafukuzwa.

Basi mabwana hao walinigomea. Nikisogea na chakula wanajificha wote, kinaoza chini mpaka maji yananuka. Nikadhani wanaumwa. Siku moja nikavaa koti lake la kazi, lile la buluu, nisilowane nikibadilisha maji. Loo! Wakajazana kwenye kioo, midomo wazi. Kumbe walilijua koti, mimi hawanijui. Ndiyo maana hilo sikuligawa. Kila asubuhi nalivaa, nawalisha, nalivua, nalitundika.

Ulisema tangi nalo liondoke, nipumzike. Nikakubali. Jana akaja kinyozi wa hapa jirani, analitaka dukani kwake wateja wapate cha kutazama. Kijana mstaarabu, kaja na ndoo zake. Samaki walipomwona wakaingia mapangoni. Nikavaa koti nimwonyeshe, wakatoka wote. Akacheka, akaniambia kwa adabu, "Basi mama, nipe na hilo koti, wasije wakanisusia."

Hakukosea. Nikaanza kulivua. Mkono mmoja ukatoka, wa pili nikashindwa. Wifi, nililia. Nililia kwa sauti mbele ya kinyozi wa watu, koti likining'inia begani, mpaka mama akatoka chumbani. Nilidhani ataninyamazisha. Alisema tu, "Afadhali," akakaa karibu yangu, naye akalia. Kinyozi akabeba ndoo zake tupu, akatoka taratibu.

Kwa hiyo tangi haliendi popote. Ukikasirika, kasirika, nitakuomba radhi ukija.

Nisalimie shemeji, na kitindamimba wako Kibonge umbusu mashavu yote mawili. Mama anakuombea kila jioni, nami naitikia. Mungu akulinde, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Leo nimeliweka koti kwenye cherehani, nikalipunguza mikono na mabega, maana lilikuwa linanizidi. Sasa linanikaa. Nakuachia hapa, nimeshalivaa na wamekwisha kuja kwenye kioo.

Wako akupendaye,
Wifi yako, mshonaji.