Firimbi ya Kipoyi

Butembo, tarehe 9/8/2000

Mudogo wangu Kanyere,

Wavukire, asubui njema, hata kama barua itakufikia mangaribi. Uko namna gani kule Beni? Kile kifua kinapona? Sisi huku tuko, Mungu anatusaidia. Bibi yangu Mama Séphora anakusalimia, magoti inamusumbua tu wakati wa mvua. Séphora mwenyewe ana mimba ya miezi mbili, na bwana yake Esdras anatembea kama vile yeye njo wa kwanza ku dunia kupata mutoto.

Nakuandikia juu ya kipoyi. Unajua kazi yetu: mugonjwa tunamulaza ku blanketi na miti mbili, banaume bane banabeba, bengine banapokezana, tunashuka naye mpaka ku hospitali kwa masista, saa moya ya miguu. Hakuna mutu analipwa. Kama haukuye kubeba mwenzako, siku yako hapana ita mutu. Kubeba hakutushinde. Kuita njo kunatushinda. Nagonga kwa jirani, jirani anagonga kwa mwenzake, mpaka kule juu ya mulima. Wiki iliyopita, wakati tulimaliza kuita, muzee Syauswa alishakata roho. Mimi nilikuwa nimeshika mukono yake.

Weye unatumika ku bureau ya bale bantu ya projet ya misaada. Hakuna kitu banaweza kutupatia?

Yaya yako,
Malachie

Beni, tarehe 27/8/2000

Yaya, kaka yangu mupenzi,

Nakusalimia weye na nyumba yote. Kifua iko muzuri kidogo, mais vumbi ya Beni haina huruma. Muzee Syauswa nilimulia. Njo yeye alinifundisha baisikeli, na alicheka kila mara nilianguka.

Nilimuona Élisée, chef ya bureau yetu. Aliniuliza, munakosa nini, miti ao blanketi? Nikamwambia tunakosa sauti. Akafungua depot ya vitu. Lukman, ule chauffeur wa gari yetu anapitaka Butembo kila wiki, anakuletea firimbi kumi na mbili, magilet ya orange ya kuvaa juu ya shati, na kipoyi moya ya turubai yenye miti ya chuma. Pigeni mara tatu, ndefu. Bantu bote bajue: kuko mugonjwa.

Mwambie Séphora asibebe maji tena.

Mudogo wako,
Kanyere

Butembo, tarehe 15/10/2000

Kanyere, mudogo wangu,

Wasingya, aksanti sana. Natumaini umelala muzuri na umekula, juu sauti yako ku barua ya mwisho ilikuwa ya mutu mwenye njaa.

Dakika kumi. Nakuambia dakika kumi, na banaume makumi tatu bako mbele ya mulango. Tangu firimbi zifike tumeshusha bagonjwa tisa, na hata moya hakufia mu njia. Hata bale ba kunywa kasiksi banaacha vikombe yabo na kukimbia. Esdras njo anafikaka wa kwanza kila siku. Gilet anaivaa hata ku misa, padri akamuuliza kama kanisa imepata ajali. Nimecheka mpaka Mama Séphora akanifinya.

Mwambie Élisée kama bantu ya mulima banamushukuru.

Yaya yako,
Malachie

Beni, tarehe 2/11/2000

Yaya,

Amani kwako. Sisi tuko bazima, vita tunaisikia kwa mbali tu.

Barua yako niliisoma mbele ya bote ku bureau. Élisée anataka iingie ku radio, njo maquartier ingine bafanye vile vile, na bale benye kutoa misaada bajue kama huku bantu banajisaidia benyewe. Dakika tatu, na mimi njo nitasema. Nitaeleza firimbi, mara tatu, ndefu, na namna banaume banakuya hata kama banalima. Yaya, hii nafasi haitarudia. Mutapata kipoyi ingine, pengine na dawa. Nikubalie.

Mudogo wako,
Kanyere

Butembo, tarehe 14/11/2000

Mudogo wangu,

Salamu nyingi. Séphora ananenepa, Esdras anatengeneza kitanda ya mutoto, miguu yote haiko sawa.

Ile ya radio, moyo wangu hautulie. Radio inasikiwa na kila mutu. Unajua basoda bakipita na bunduki ku barabara banakamata banaume ya kubeba mizigo yabo, njo maana tukisikia banakuya tunaingia wote mu migomba. Sijui. Lakini weye ulisoma, mimi nililima. Kama unaona iko muzuri, sema.

Yaya yako,
Malachie

Beni, tarehe 20/12/2000

Yaya,

Uko muzima? Noeli njema kwenu bote. Ulinisikia ku radio mwanzo wa mwezi? Nilieleza yote, mara tatu, ndefu. Lukman anasema njia ya Butembo imefungwa, kule kunapigwa masasi. Barua hii itangojea naye.

Mudogo wako,
Kanyere

Beni, tarehe 8/1/2001

Yaya Malachie,

Tafazali, nijibu. Hata neno moya.

Kanyere wako

Butembo, tarehe 19/1/2001

Kanyere,

Sitakuuliza afya, utanisamehe.

Ilikuwa tarehe kumi na sita ya mwezi wa kumi na mbili, saa tatu ya asubui. Tulikuwa tumeshajificha bote mu migomba, juu basoda balionekana ku barabara. Kisha tukasikia firimbi. Mara tatu, ndefu. Esdras akasimama. Nikamwambia, ngoja. Akasema, "Baba, kama ni bibi ya mutu?" Akavaa gilet akashuka mbio, bengine nyuma yake, kumi na tano bote. Mimi nilibaki, juu goti yangu haikimbie tena.

Mugonjwa hakukuwa. Musoda alikuwa amesimama pa kipoyi, firimbi mu kinywa. Balibabebesha masanduku ya masasi kuelekea Alimbongo. Sita balirudi, mabega imeoza. Banasema ule musoda alikuwa anacheka: tulisikia ku radio. Esdras hakurudie.

Sikuhukumu. Mimi pia nilisema ndiyo. Nakuambia tu, juu sipendi uisikie kwa mwengine. Firimbi zote tulitupa mu choo. Moya nimebakisha mu koti, juu ni weye ulinipatia. Tumeanza tena kugonga mulango kwa mulango. Kwa sasa hapa kwetu, mutoto akipiga tu mulunzi kwa mdomo, bantu banakimbia.

Yaya yako,
Malachie

Beni, tarehe 30/1/2001

Yaya,

Sijui namna ya kukusalimia. Ni mimi. Ni mdomo wangu njo ulibaita bale banaume, sio ule musoda. Siku tatu sikuenda ku bureau. Élisée alikuya kunitafuta, akasema vitu hivi vitaandikwa ku rapport, chini ya matatizo. Nilimufungia mulango.

Nakuomba kitu moya. Séphora ashuke sasa, akae karibu na masista mpaka azae. Ao Lukman amulete hapa kwangu. Usingoje mwezi wa tatu. Nakupigia magoti.

Mudogo wako,
Kanyere

Butembo, tarehe 26/2/2001

Mudogo wangu Kanyere,

Kaa chini kwanza, njo usome.

Séphora alikataa kushuka. Alisema Esdras akirudi na kukuta mulango imefungwa, atazania tumekufa. Sikumulazimisha. Mutoto alikuwa bado mwezi moya.

Uchungu ulimukamata tarehe kumi na tisa ya mwezi huu, saa ine ya asubui, mu mvua, na damu mingi. Nilitoka inje kuita. Mukono ikaingia mu koti, na mbele nifikiri, nilishapiga. Mara tatu, ndefu. Nikasikia milango inafunguka huku na kule. Kanyere, nilifurahi. Nilisema, banakuya. Nikasimama ku njia nibaonyeshe nyumba, na niliona migongo tu. Banapanda mulima na batoto ku mabega. Niliita kwa mdomo, ni mimi, ni Malachie, mais mvua ilikuwa na nguvu kunipita. Niligonga kila nyumba. Sufuria zilikuwa bado ku moto.

Tulimubeba sisi babili, mimi na mama yake. Njia ilikuwa potopoto ya matope, tulianguka mara mbili. Alikufa mbele tufike ku daraja, na mutoto ndani yake.

Firimbi nakutumia mu mukono ya Lukman. Fanya nayo vile unataka. Na kama Esdras apitie Beni, hapana mwambia kitu. Mulete kwangu.

Kesho yake tulimuzika. Hakuna mutu niliita. Balikuya bote, banaume makumi ine, hata bale ya mabega yenye vidonda, banagombania miti ya kipoyi. Hakuna alinitazama mu macho. Makaburi iko mbele kupita kwa masista, ni njia ile ile. Tulipita pa mulango wa masista bila kupumzika hata mara moya.

Yaya yako,
Malachie