Mama Kulwa na Mama Yusufu Dawati Moja

Jumatatu, 3 Juni 1974
Saa tisa alasiri, watoto wameondoka, mama zao wameingia kujifunza Kiswahili. Kumi na wawili. Nasoma sentensi, wanaitikia pamoja. Nikimsimamisha mmoja, kimya. Mama Kulwa kajaribu, kasema "mukono". Nikamsahihisha mbele ya wote, mara tatu. Wenzake wakacheka. Akaketi, basi. Nimekosea.

Jumatano, 5 Juni
Mama Kulwa hakuja.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwenda kwake. Anapepeta mchele, Doto mgongoni, Kulwa miguuni. Mapacha, hata miaka miwili hawajafika. Nikamsalimu kwa Kisukuma changu cha kuokoteza: "Mwangaluka." Salamu ya asubuhi, na ilikuwa jioni. Akacheka mpaka ungo ukamponyoka. Mimi mtu wa Pangani, ningejulia wapi? Nikamwomba radhi. Atarudi, ila nisimsimamishe.

Jumatatu, 10 Juni
Nimemketisha na Mama Yusufu, mke wa muuza vitambaa. Kaolewa hapa Kahama akitokea Bara Hindi, Kiswahili chake ni cha dukani. Mama Kulwa hajui Kihindi, mwenzake hajui Kisukuma. Hawana pa kukimbilia. Wakaanza kuzungumza! Watoto, homa, kuharisha. Nikakaa kando. Kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kufundisha.

Jumatatu, 17 Juni
Mama Yusufu kauliza, "Mtoto kula nini?" Mama Kulwa kamrekebisha, taratibu: "Mtoto anakula nini." Mama Kulwa yule yule! Nimewapanga wote wawili wawili. Darasa kama mnada wa ng'ombe. Mwalimu wa jirani kanuna. Anune.

Alhamisi, 20 Juni
Doto mgonjwa sana. Baba yake yuko Geita, anachimba dhahabu. Nilipopata habari nikakimbilia zahanati nikamsemee mama. Mganga ni mgeni, Kisukuma hajui. Nafika mlangoni, Mama Kulwa keshaanza.
"Anaharisha tangu juzi. Akinywa, anatapika. Tangu jana hajakojoa."
Mganga akainuka hapo hapo, akamtundikia dripu. Sikutia neno. 

Ijumaa, 21 Juni
Doto hajafumbua macho vizuri. Sikuweza kufundisha.

Jumamosi, 22 Juni
Doto kanyonya. Kakojoa mara mbili. Alhamdulillahi.
Mama Yusufu kashinda na Mama Kulwa zahanati tangu asubuhi, kaleta uji. Nimewakuta wakibishana kama utiwe chumvi au sukari. Hawakuniona. Nawashukuru hawa wawili, sijui nitawaambiaje. Nikavuta kigoda, nikawasikiliza.