Baba Yangu, Kando ya Choo cha Wanawake

Jumapili, 1 Septemba 2024

Denzil amepiga simu. Miaka tisa tangu tuachane, na leo ananialika tukanywe kinywaji. Wapi? Pale pale. Kwenye baa yetu ya kando ya mto Severn, ile aliyoiuza kwa kampuni kubwa wiki niliyokuwa Cardiff namuuguza dada yangu. Ana adabu kweli, huyu mwanamume. Nikamkumbusha kwamba niliapa sitakanyaga pale.

"Najua, Gwen," akasema. "Njoo tu."

Nimemwambia nitafikiria. Nimeshafua blauzi.

Jumatano, 4 Septemba

Nimekanyaga.

Kampuni ina baa arobaini na moja, kila mto wa nchi hii una yake, na kila baa ina kasia ukutani lililochakaa kwa namna ile ile. Nadhani kuna mtu kiwandani ambaye kazi yake ni kuchakaza makasia.

Kuagiza bia siku hizi kunataka shahada. Unapiga picha namba ya meza, simu inakuuliza umezaliwa lini na kama ungependa kupata habari zao. Nimejaza glasi kwenye kaunta ile miaka ishirini na mbili. Leo nimengoja robo saa kupata nusu painti. Chipsi zimekuja kwenye ndoo ndogo ya bati, kama za kulishia farasi. Mto upo, angalau. Hawajaupaka rangi.

Denzil amezeeka, hasa goti la kulia. Alizungusha glasi mpaka povu likaisha. Halafu: "Nenda chooni."

"Sijabanwa."

"Nenda tu. Tazama ukutani."

Kwenye kikorido, kati ya mlango wa wanawake na kile kikaushio cha mikono — baba yangu. Wilf Pardoe, kasimama kwenye kivuko chake, kofia upande, anamchekea aliyeshika kamera. Chini wameandika: "Mvuvi asiyejulikana." Baba aliwavusha watu mto huu miaka thelathini na hakuwahi kushika ndoana. Samaki hata harufu yake hakuitaka.

Picha zake zote nyumbani kwangu zilikwenda na mafuriko ya 2007. Hii ilipona kwa sababu ilikuwa juu ya kaunta. Baa ilipouzwa nikaambiwa vya ukutani vyote vimetupwa.

Nilijifungia chooni mpaka mtu akagonga.

Alhamisi, 12 Septemba

Jibu la makao makuu. Niliomba picha ya baba yangu. Wananishukuru kwa maoni yangu kuhusu "mapambo." Mapambo ni mali ya kampuni, na yamefungwa kwa skrubu kwa usalama wa wateja. Wamenitumia vocha ya keki. Isitumike wikendi.

Nimempigia Denzil, nikamsomea. Hakucheka. "Nilipaswa kuishusha kabla sijasaini," akasema. Miaka tisa nimeisubiri sentensi ya namna hiyo, imekuja nikiwa nakaanga yai. Likaungua.

Jumapili, 15 Septemba

Saa nane mchana. Meza ya dirishani, daftari nimelificha nyuma ya menyu. Nilikuja na hotuba kwa ajili ya meneja, nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Denzil kaja kuniunga mkono, yaani kula chipsi zangu.

Meneja anaitwa Bronagh. Miaka thelathini na kitu, macho ya mtu aliyepiga zamu tisa mfululizo. Alisikiliza hotuba yote. Akaenda kuitazama picha. Akarudi, akanitazama mimi.

"Pua ni hiyo hiyo," akasema. "Lakini siwezi kukupa, mama. Nitafukuzwa." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Ila sasa hivi naenda kupumzika dakika kumi. Na kamera ya kikorido imekufa tangu Mei. Niliwaandikia makao makuu. Wakanishukuru kwa maoni yangu."

Alipoondoka, pale alipofuta palikuwa na bisibisi.

Nikainuka. Denzil akanishika mkono. "Kaa, Gwen. Mimi ndiye niliyemuuza."

Akaenda anachechemea, bisibisi mfuko wa juu kama kalamu ya karani.

Dakika ya sita. Wanawake wawili wameingia chooni na kutoka. Mmoja anatabasamu.

Dakika ya nane. Bronagh yuko nje ukingoni, ametupa mgongo, sigara mdomoni haijawashwa. Denzil hajawahi kufungua skrubu bila kuvunja kitu. Nimesogeza kiti karibu na kikorido. Anaongea na mtu huko. Nimechungulia.

Hakuna mtu. Skrubu mbili ziko sakafuni, picha imekaa upande, na Denzil kainamisha uso, paji karibu liguse kioo.

"Subiri kidogo, mzee," anamwambia. "Hii ya tatu imeshika kutu. Lakini leo sitoki humu bila wewe."

Dakika ya tisa. Bronagh ameitupa sigara, anageuka —